Mwanzo wa Filamu ya Nyamizi

Mwanamke mmoja wa Kahama, jina lake Nyamizi, alikuwa na kaka aliyeondoka nyumbani kwa hasira na hakurudi. Kaka huyo, Shigela, alikuwa hapitwi na filamu ya taharuki. Basi dada mtu, ambaye alijifunza kushika kamera kwenye harusi za watu, akaazimia kutengeneza filamu ya namna hiyo, izunguke katika vibanda vya video mji hadi mji, imkute kaka yake popote alipo. Alimkumbuka mno. Kila aliposikia kikohozi cha mwanamume nje, alitoka kuchungulia.

Mnajua desturi ya vibanda hivyo. Picha ikianza, mwenye kibanda huacha pazia la mlangoni wazi kidogo, wapita njia wachungulie. Akishaona wamenogewa hulishusha, na anayetaka kuendelea hulipa kiingilio. Nyamizi alijua kwamba Shigela akipita atasimama hapo hapo kwenye pazia, na hapo ndipo atampata au atamkosa. Kwa hiyo akautwika mwanzo kila alichokuwa nacho: dereva wa lori anakimbizwa, mapanga yanameta, nyumba inaungua, damu ya rangi ya juisi inatiririka hadi viatuni. Ilipoonyeshwa kibandani, wapita njia wakachungulia, wakacheka, wakaenda zao kununua mihogo. Akaongeza moto. Wakaondoka upesi zaidi.

Siku moja akamleta mama yake aitazame. Mama akatazama, mikono mapajani, kisha akasema, "Mwanangu, huyo anayekimbizwa simjui. Nitamhofia vipi, na sijui nani anamngoja nyumbani?"

Nyamizi alirudi na maneno hayo yakimkera. Jioni akamwona mama akipakua ugali, na kama alivyofanya tangu Shigela aondoke, mama akatenga fungu moja, akalifunika kwa sahani nyingine, akaegesha mlango bila kutia komeo. Miaka yote binti alikuwa akiionea haya tabia hiyo mbele ya wageni. Safari hii alilia. Kisha akachukua kamera.

Filamu ikaanza upya. Mama wa dereva anafunika chakula. Anaegesha mlango. Mbali, barabarani, kijana wake yuko nyuma ya usukani, anajisemea kwamba atafika kabla ugali haujapoa. Nyuma ya lori lake, taa za gari jingine zinawaka. Hakuna damu, hakuna panga.

Pale kwenye pazia watu wakasimama. Mmoja aliyekuwa na ndoo kichwani akasahau kuitua. Wakaingia mmoja mmoja, na kuna waliouliza kwa sauti ya chini kama kijana atafika.

Shigela hajarudi bado. Filamu ingali inazunguka, Nyamizi angali na kiu ya kumwona kaka yake, na mama angali anapakua. Lakini ninyi mlio na ndugu waliopotea, mnaosimama mlangoni mwa mioyo yao mkiwapigia kelele za moto na hukumu, ni nani kati yenu aliyewahi kuwaonyesha kwanza kwamba nyumbani kuna anayewangoja?