Sinia la Mchuzi wa Pilipili

Kulikuwa na binti mmoja aliyeolewa akiwa na tumbo bovu. Msicheke, ndugu zangu, nyote mna matumbo. La kwake mara linafunga, mara linamkimbiza chooni hajamaliza tonge. Hospitali walimpima, wakasema hakuna kidonda wala minyoo, ni utumbo mwepesi wa kuchafuka, ataishi nao. Akalia. Ataishi nao vipi ukweni?

Akaenda kwa tabibu mmoja wa Kihindi, wa ile tiba yao ya kale, Ayurveda. Mzee akamwambia, "Mwanangu, sina cha kukuponya, nina cha kukutuliza. Kula chakula cha moto, kwa saa zake, umekaa, moyo umetulia. Wali laini na choroko. Maji ya tangawizi na bizari nyembamba. Pilipili iache."

Akafuata, akapata nafuu. Lakini alikuwa mpishi wa nyumba, na mkwe anayepika bila pilipili huambiwa hakufundwa. Siku ya kwanza alipika mchuzi mkali, mama mkwe akala, akasifu mpaka machozi yakamtoka. Basi binti akawa anampakulia mama mchuzi ule, mwenyewe anajificha jikoni na choroko zake.

Siku moja mama mkwe akamwita kwenye sinia.

"Mwanangu, mbona unaniacha nile peke yangu? Unanionea kinyaa?"

"Hapana, mama. Nimeshiba tu."

"Kila siku umeshiba wewe?"

Amwambie mama mkwe habari za choo? Aliona aibu. Akakaa, akanawa, akala pilipili.

Miaka ikaenda hivyo. Anajikunja kwa maumivu, kisha anasimama kupika, na pilipili anaongeza, kwa kuwa mama anaipenda. Akabaki mifupa. Akafika mahali pa kumwomba Mungu amchukue.

Akachukuliwa mama, kwa homa. Matanga yalipoisha, binti akaingia kufagia chumba cha marehemu. Uvunguni akakuta kisufuria, choroko kidogo na kopo. Akafungua kopo. Tangawizi na bizari nyembamba, harufu ile ile ya kwa tabibu.

Akamwita dada wa mumewe. "Wifi, hivi vya nani?"

Wifi yake akainama. "Vya mama. Tumbo lake halikuwahi kupatana na pilipili. Ukienda sokoni ndipo anajipikia. Alitukataza tusikwambie. Alisema, mkwe wangu anapenda pilipili, nisimvunje moyo."

Ndugu zangu, nani alimpikia nani sumu? Wanawake wawili, sinia moja, ugonjwa mmoja, dawa moja, na kila mmoja akaumia ili kumfurahisha mwenzake asiyefurahi. Tunasema mficha maradhi kilio humfichua. Ndiyo, kilio kilifichua. Kilimsaidia nani?

Na sisi je? Tumekaa humu bega kwa bega. Ukimuuliza mtu hali, "Nzuri, alhamdulillahi," na ndani anaungua. Nawe unaitikia haraka, kwa kuwa hutaki kujua. Mgeni akikataa chakula chetu tunanuna, hatumuulizi ana nini. Leo mkirudi nyumbani sinia litatengwa. Mtazame unayekula naye. Muulize, kisha nyamaza mpaka akujibu. Na ukiulizwa wewe, sema.

Yule binti sasa anapika choroko mchana kweupe, bila pilipili. Anapika za watu wawili, anatenga sinia, anakaa upande wake, upande wa mama uko tupu. Tumbo limetulia. Chakula hakipiti.