Fisi Aliyefundisha Uongozi

Mwaka ule hata umande ulikataa kushuka. Bwawa la mbuga liligeuka tope, tope likageuka vumbi, na wanyama wakawa wanalamba mawe alfajiri kwa kutafuta ubaridi tu. Simba, ambaye hakupenda kuonekana ana kiu, aliwakusanya wote kwenye korongo la mchanga akatangaza kwamba kisima kitachimbwa hapo.

"Lakini kisima changu," alisema, akitikisa singa zake, "hakitasimamiwa na kila mwenye kwato. Nataka wasimamizi vijana, waliofundishwa uongozi."

Fisi alikuwa amejilaza nyuma, akiguguna mfupa ambao wenzake walikwisha kuuguguna. Neno "waliofundishwa" lilimsimamisha masikio. Alijua jambo moja kuhusu mafunzo: hayakosi chakula cha mchana.

"Mfalme," alisema, akiinama hadi pua ikagusa mchanga, "kazi hiyo niachie mimi. Nimeongozwa vibaya maisha yangu yote. Hakuna kosa la uongozi nisilolijua."

"Utahitaji nini?"

"Paja la nyati kila siku. Si langu, Mfalme. La wanafunzi."

Wanafunzi aliwachagua mwenyewe: Ngiri, kijana mnyofu mwenye nguvu za shingo, na Pundamilia, kijana maridadi mwenye kumbukumbu isiyopoteza neno. Wote wawili walikula majani. Kila mchana paja lilipoletwa, Fisi aliwakaribisha kwa adabu, nao kila mchana wakatazama kando.

"Hamli? Basi," alisema kwa huzuni, "si vizuri kitu cha Mfalme kiharibike."

Kwa kuwa nyama ilidumu kadiri mafunzo yalivyodumu, Fisi hakuwa na haraka. Tatizo lilikuwa masomo, maana hakuwa nayo. Akafundisha alichokijua, yaani namna ya kukaa kivulini.

"Msimamizi hagusi mchanga," alianza.

Ngiri, ambaye ukoo wake wote huchimba kwa pua na magoti, aliuliza, "Hata kama jembe lake ni pua yake, Mwalimu?"

"Hasa huyo. Ukishika kazi, watakuona mwenzao."

"Na wakija na shida?" aliuliza Pundamilia.

"Shida haijibiwi. Sema: 'Jambo lako limepokelewa, linafanyiwa kazi.' Kisha itisha kikao."

"Na kikao kikiamua?"

"Hakiamui bila mwenyekiti."

"Mwenyekiti ni nani?"

"Mimi," alisema Fisi, akijilamba mafuta midomoni. Vikao navyo vilikuwa na chakula chake.

Vijana wakaanza kusimamia huku bado wakifundishwa, na kisima kikaanza kuchelewa. Wachimbaji walipolia kwamba ukuta wa shimo unamomonyoka, jambo lao lilipokelewa. Walipotaka kamba mpya, jambo lao lilipokelewa. Waliojaribu kuamua wenyewe walikemewa, hata ikawa hakuna anayegusa kitu bila amri ya kikao. Swala wazee walianguka njiani wakielekea korongoni, hawakuinuka tena. Sungura, mmoja wa wachimbaji, aliwafunika kwa matawi, kisha akajipangusa vumbi na kwenda kivulini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema upesi, nasubiri chakula."

"Ndicho kilichonileta. Joto la leo lingeliozesha paja lako, nikalishusha shimoni penye ubaridi. Nikupandishie?"

"Usiliguse!" Fisi alikwisha kuinuka. Alijua jinsi nyama inavyopungua njiani, kwa kuwa mara nyingi ilikuwa imepungua kwake.

Wachimbaji walimteremsha kwa kamba, kwa amri yake mwenyewe mwenyekiti. Sungura hakuwa amesema uongo: paja lilikuwapo. Fisi alilila lote, akavunja mfupa, akanyonya uboho, ndipo akaivuta kamba.

"Nivuteni!"

Kamba haikusogea. Juu, ukingoni, ilitokea michirizi ya Pundamilia.

"Mwalimu, una shida?"

"Nivuteni, mijinga ninyi!"

"Jambo lako limepokelewa," alisema Pundamilia kwa sauti tulivu. "Linafanyiwa kazi."

"Itisheni kikao basi!"

"Tumeitisha. Mwenyekiti hayupo."

"Mwenyekiti ni mimi!"

"Ndiyo, Mwalimu. Tunakusubiri."

Fisi aliuchunguza uso ule apate kuona dhihaka, hakuiona. Dhihaka ingemfariji. Palikuwa na usikivu tu, uso wa mwanafunzi bora. Kisha ukuta ukaanza kumwaga mchanga mgongoni mwake.

Aliparua. Tumbo lilikuwa zito, mchanga ukateleza, naye akaparua chini ya miguu yake jinsi ambavyo hakuwahi kufanya kazi tangu azaliwe, hata makucha yakagusa kitu cha baridi. Kikampanda vifundoni, kikampanda magotini.

"Maji!" alilia kwa hofu.

"Maji!" waliitikia wanyama wote juu, kwa furaha.

Ngiri alikitazama kivuli, akamtazama mwenzake, akapiga magoti.

"Ngiri! Tulifundishwaje?"

"Aliyetufundisha anazama, ndugu yangu," alijibu Ngiri, akauchimba ukingo kwa pua hadi ukawa mteremko, na Fisi akatambaa kutoka, tope tupu toka kichwani hadi mkiani.

Simba alifika kwa vishindo. "Nani ameyafikia maji?"

"Mwalimu, Mfalme," alisema Sungura. "Kwa makucha yake. Kumbe kipaji anacho, alikuwa amekificha kivulini."

"Mfalme, mimi ni wa kufundisha..."

"Umekwisha kufundisha. Visima vingine vinangoja, na kuanzia leo wewe ni mchimbaji. Ngiri atakuwa na kikosi chake, wewe utakuwa chini ya Pundamilia. Umemfunza mwenyewe, hutalalamika kwamba hajui uongozi."

Kikosi cha Ngiri kilifikia maji mapema, kwa kuwa msimamizi wao alikuwa shimoni pamoja nao. Katika shimo la pili, la kikosi cha Pundamilia, jua likiwa utosini, Fisi aliinua kichwa, ulimi nje. Hapo ndipo alipofahamu kwamba alikuwa mwalimu hodari kuliko alivyokusudia: mwanafunzi wake bora hakujifunza cheo, alijifunza kuwa kama yeye.

"Bwana Msimamizi," alisema, "naomba maji."

Pundamilia alisogea hadi mwisho wa kivuli, asivuke.

"Jambo lako," alisema kwa upole, "limepokelewa."