Kisima cha Kwenye Kioo

Aliyemfikishia Swala habari ni Kanga, jirani yake asiyeweza kukaa na neno hata dakika moja. Ulikuwa mwaka wa ukame. Mto ulibaki mchanga mtupu, na wanyama waliishi kwa kufukua visima humo kwa miguu yao.

"Mama Sikudhani," alisema Kanga, "watoto wetu hawajakanyaga mchanga tangu muhula uanze. Somo la kufukua maji wanalitazama kwenye vishikwambi."

"Lakini Sikudhani amepata mia kwa mia," Swala alijibu kwa sauti ndogo.

"Wote wamepata mia. Hata mtoto wa Kobe, na alikuwa amelala!"

Vishikwambi hivyo vililetwa na Sungura. Simba, mlezi wa shule, alivikubali mara tu alipoonyeshwa picha yake mwenyewe akinguruma. Aliirudia mara saba. Fisi, mwalimu mkuu, naye hakupinga, maana watoto wakikodolea vioo, hakuna aliyeona uji wao wa saa nne ukipungua.

Swala aliogopa mikutano. Lakini nyumbani maji yalibaki kibuyu kimoja, na miguu yake ilikuwa imevimba kwa kufukua peke yake. Akiugua, Sikudhani angekunywa nini? Siku ya wazazi alikwenda, akakaa nyuma kabisa.

Simba alifika ana kiu. "Leo tutaona matunda ya maendeleo," alisema. "Watoto, nipeni maji."

Wakateremka mtoni. Watoto walijipanga vizuri, wakainamia mchanga, kisha kila mmoja akaupapasa kwa ncha ya mguu, kutoka kulia kwenda kushoto, akasubiri.

"Wanafanya nini?" aliuliza Simba.

"Wanafungua ukurasa, Mtukufu," alijibu Fisi, akijifuta uji mdomoni.

"Mtandao tu ni dhaifu," Sungura alidakia. "Nitaleta vishikwambi vikubwa zaidi. Na watoto wasije tena huku, jua litawaumiza."

Sikudhani alipapasa tena na tena, kisha akamtazama mama yake. Macho yale ndiyo yaliyomsimamisha Swala.

"Samahani, wakubwa," alisema, akitazama chini kwa haya. Na kwa kuwa alitazama chini, akaona. "Sote tuna vumbi hadi magotini. Ndugu Sungura, tope hilo bichi miguuni mwako umelitoa wapi?"

Sungura akauficha mguu mmoja nyuma ya mwingine. Na huo mwingine ulikuwa na tope zaidi.

Wakafuata nyayo zake hadi kwenye kona ya mto. Nyuma ya rundo la miiba palikuwa na kisima kimejaa, cha Sungura peke yake.

Simba alikunywa kwanza, tena kwa muda mrefu, ndipo akahukumu: "Sungura atafukua visima vya shule hadi mvua inyeshe. Fisi atagawa uji, naye atakula wa mwisho."

"Na sufuria atalamba nani?" aliuliza Fisi.



"Vishikwambi je, tuvitupe?" aliuliza Kanga.

Simba akakohoa. "Hapana. Kuna picha moja humo ina mafunzo."

Asubuhi iliyofuata Swala aliwapeleka watoto mchangani. Alikitundika kishikwambi cha Sikudhani kwenye tawi la mgunga, juu asikokifikia.

"Nitakipata lini, mama?"

"Ukitoa maji. Kisha utawapiga picha wenzako wakifukua, ili shangazi zako wa ng'ambo, ambako pia kuna ukame, wajifunze."

Sikudhani akapapasa mchanga mara moja kwa mazoea, akacheka, halafu akaanza kufukua.