Njia ya Waliolima

Haya, zifungeni Biblia zenu, ziwekeni magotini. Neno limesomwa, mmelisikia, na wengine nimewaona mkipiga miayo. Sasa niwape habari ya bwana mmoja muuza nyanya. Jina lake silitaji. Nikilitaja tu mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani, kaoa wapi, na mahubiri yataishia hapo.

Bwana huyu alikuwa na baiskeli, zile za zamani, ngumu kama kichwa cha mzee wa kanisa. Msinune, wazee, natania. Kila siku ya gulio alipanga matenga yake ya nyanya nyuma, akayakaza kwa mipira ya tyubu, akaingia barabarani. Mliowahi kubeba tenga mnajua shughuli yake. Baiskeli ikishajaa mzigo, ikianguka huiinui peke yako. Utakaa pembeni ukisubiri mpita njia akuonee huruma, na nyanya zako zinavuja maji mbele ya macho yako.

Barabara yenyewe ilikuwa ya lami, nyembamba, kingo zimeliwa na mvua. Na watu wa huko walikuwa na desturi moja ambayo kila mtu alikwisha kuizoea. Gari likipiga honi, mwenye baiskeli anaruka. Hageuki nyuma, haulizi, anajitupa kando na mzigo wake, korongoni au michongomani, popote pale. Mtoto alifundishwa hivyo hata kabla hajajua kuandika jina lake: honi, ruka.

Mdogo wake yule bwana hakuruka. Hakuwa mkaidi. Alikuwa na mzigo, pembeni palikuwa na korongo, nadhani alisema moyoni ngoja nifike pale mbele penye nafasi. Hakufika. Wakamzika. Na muuza nyanya akiwa amesimama pale kaburini, udongo mbichi, akasema kwa sauti, watu wote wakamsikia: "Mdogo wangu, kwenye barabara ile hafi mtu mwingine. Mimi nikiwa hai, hafi."

Lilikuwa neno zito, na alilisema kwa moyo wake wote. Liwekeni akilini hilo. Huyu hakuwa mtu mbaya.

Basi siku moja ya gulio, honi ikalia nyuma yake. Jamaa hakuruka. Akashika breki, akasimama palepale katikati ya njia na matenga yake. Gari likasota, likasimama karibu kumgusa. Mwenye gari akashuka kwa hasira.

"We bwana, una wazimu? Husikii honi?"

"Naisikia, bosi. Nimechoka kuruka."

"Umechoka! Barabara hii tunailipia sisi wenye magari. Kila nikitia mafuta nakatwa hela ya barabara. Hilo baiskeli lako linalipa nini? Linalipa jasho?"

Kulikuwa na kibanda cha chai pale, watu wakatoka na vikombe mkononi. Muuza nyanya akashusha pumzi. Alikuwa na mdogo wake kifuani, ndiyo maana maneno hayakumpiga chenga.

"Bosi, sabuni nanunua. Chumvi nanunua, betri za redio nanunua, na kote humo serikali imeshachukua chake kabla sijafika nyumbani. Gulioni kwenyewe siingii bila ushuru. Ninyi mnailipia kwenye mafuta, sisi tunailipia kwenye chumvi. Na lile shimo pale mbele yako, nani kalichimba? Baiskeli?"

Kibanda kizima kikalipuka kwa vicheko. Na ninyi nawaona mnacheka. Mama yule wa kwaya anapiga makofi kabisa. Piga, mama, piga. Si kasema kweli? Kuna uongo hapo? Hakuna. Barabara ya watu wote ni ya watu wote, hata anayetembea pekupeku amechangia. Muuza nyanya alisema kweli tupu siku ile, na mimi ningekuwepo ningepiga makofi kuliko ninyi.

Mwenye gari akarudi kwenye usukani, akatoa kichwa dirishani. "Basi limeni ya kwenu, muone kama ni rahisi!" Akaondoka.

Neno lile likawaingia. Wenye baiskeli wakakutana, wakasema sawa, tutalima. Wakaitisha msaragambo, kama tunavyofanya hapa kwetu, kila mtu na jembe lake, kila mtu anapimiwa kipande chake cha kulima. Wakafyeka michongoma pembeni ya lami, wakajaza makorongo mawe na kifusi, wakashindilia kwa miguu. Muuza nyanya alilima cha kwake, kisha akalima na kile ambacho kingekuwa cha marehemu. Alilima analia, wenzake wakajifanya hawamwoni.

Njia ikatoka, nzuri, ya kupendeza! Baiskeli ikawa inakwenda yenyewe. Wakapita wenye nyanya, wakapita wenye mkaa na maziwa, wakapita na wa miguu. Honi zikawa zinalia huko kwenye lami na hakuna anayeruka. Na kweli, watu wakaacha kufa.

Ikaja mvua. Njia ikaharibika, ikabidi ilimwe upya. Mara hii wakaja nusu, mnawajua watu. Na ilipokwisha kulimwa, wale waliobaki vitandani ndio wakawa wa kwanza kupita. Muuza nyanya ikamwuma. Akasimama kwenye mkutano akasema, "Ndugu zangu, tukiendelea hivi, safari nyingine nani atatoka na jembe? Njia hii ina wenyewe. Asiyelima asipite."

Mngempinga kwa lipi? Semeni. Mngempinga ninyi? Wewe uliyelima na mgongo unakuuma, mwenzio amelala, halafu apite anakupigia kengele? Wote waliafiki, hakuna aliyenyoosha mkono kukataa. Ikawa sheria, na wakawekana zamu ya kuilinda.

Sasa sikilizeni, tunafika mahali ambapo mimi mwenyewe sipapendi.

Asubuhi moja zamu ilikuwa ya muuza nyanya. Akamwona mama mmoja wa makamo anakuja njiani, kanga mbili, kapu kichwani na chupa ya uji kaikumbatia. Hakumjua. Akashuka kwenye baiskeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Samahani, mama, wewe ni wa wapi?"

"Mimi mgeni, baba. Nimekuja kumlea binti yangu, kajifungua. Yuko hapo zahanati, nampelekea uji."

"Hongera sana, mama. Lakini njia hii tumelima wenyewe, kila mtu na kipande chake. Wewe umelima wapi?"

"Sijalima, baba. Si nimefika juzi tu."

"Basi, mama, naomba upite kule." Akamwonyesha lami.

Hakumtukana. Hakumsukuma. Alimwamkia na hongera akampa. Sheria ilikuwa ni sheria, na akimwachia huyu, kesho atakuja mwingine na uji wake. Yule mama akatazama lami, akamtazama yeye, akasema, "Haya baba, asante." Akashuka. Jamani! Asante!

Muuza nyanya hakwenda mbali. Akasikia honi.

Mnakumbuka watu wa pale wakisikia honi hufanyaje. Lakini huyu alikuwa mgeni. Huko alikotoka mtu akikuita nyuma yako unageuka umwone ni nani. Mama akageuka.

Ningependa niwaambie gari lilikuwa la yule bwana wa siku ile, mwenye maneno ya mafuta. Tungemchukia pamoja, tukaenda nyumbani tumeridhika. Hakuwa yeye. Alikuwa bwana mwingine, mpole tu, anawahi kazini. Alishuka mikono kichwani, akapiga magoti kwenye lami, anamwita mama ambaye haitiki.

Muuza nyanya akatupa baiskeli, matenga na kila kitu, akakimbia. Wenzake nao wakaja kutoka huku na huku. Alipomwona yule mama, alimwona mdogo wake. Akapandwa na kichaa. "Mmeua tena!" akapiga kelele. "Ninyi na barabara yenu! Mnasema mmeilipia, mmelipia na roho za watu? Mmeua tena!"

Yule bwana hakujitetea. "Kaka, nimekosa," akasema. "Nipige, nipeleke polisi, popote. Ila niambie kitu kimoja. Njia ile ya pembeni napita naiona kila siku, nzuri, pana. Huyu mama alikuwa anafanya nini huku kwenye lami?"

Muuza nyanya akafungua mdomo. Ule mdomo uliomnyamazisha mwenye gari mbele ya kibanda kizima, wenye habari za sabuni na chumvi, haukutoa hata neno. Akawatazama wenzake. Wenzake wakatazama njia yao nzuri, wakatazama chini.

Na kule zahanati mzazi alikuwa anasubiri uji. Nani ataupeleka? Nani atakwenda kumwambia? Kila mtu akamtegea mwenzake, mwisho akaenda muuza nyanya. Akaingia wodini na ile chupa. Yule binti, mtoto mchanga kifuani, akaitambua chupa, akamtazama mtu asiyemjua, akatabasamu. "Mama kapotea njia?" akauliza.

Ndugu zangu, mimi sijui alimjibu nini. Mimi hadithi yangu inanishinda hapo.

Sasa nawaona mmeinamisha vichwa, mnamsikitikia mama wa watu. Vizuri. Lakini sikuja hapa kuwaliza. Ninawauliza: mlipopiga makofi mlimpigia nani? Mlimpigia muuza nyanya, kwa sababu sisi ndio muuza nyanya. Sisi tumerushwa korongoni na kila mwenye kitu kizito kuliko chetu. Ofisini, hospitalini, mahakamani, tumeambiwa tupishe, wenye kulipa wapite. Imetuuma, na tulikuwa na haki ya kuumwa. Halafu tulipopata kakipande ketu, tulifanya nini? Maneno ya mwenye gari tuliyakataa, tukayaosha, tukayavalisha shikamoo na hongera, tukaanza kuyatumia wenyewe. Na mtu akifa tunamtafuta mwenye gari!

Mnadhani nasema habari za barabara? Hili kanisa tulilijenga kwa mikono. Najua, nilikuwepo, mawe tulibeba pamoja. Wanawake walisomba maji mpaka shingo zikakakamaa. Ni kweli, na Mungu ameona. Lakini Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mmoja wetu alinifuata pale mlangoni. Mtu mzuri, mpole, hajawahi kunivunjia heshima. Akaniambia, "Mchungaji, hawa watu wa bondeni waliokimbia mafuriko, tunawaonea huruma. Lakini hawakuchangia hata bati moja, na wanakuja mapema wanajaza mabenchi. Waambie kwa upole tu, wakae nje kidogo." Nami, ndugu zangu, nilimwambia nitalifikiria. Wakati nalifikiria, naona kuna mtu ameshawaambia.

Ile njia ya kwenda kwa Baba ninayoihubiri hapa kila wiki, nani kati yetu aliilima? Aliyelima kipande asimame, anionyeshe. Mimi sikulima. Nilikuta imekwisha kulimwa, kwa damu ya mwingine, na nikiwa mgeni kabisa nikaambiwa pita, mwanangu. Mkiniuliza mimi, hakuna mtu humu ndani aliyeingia kwa lango lingine. Na siku ile tutakapoulizwa, hatutaulizwa mabati. Tutaulizwa wale tuliowaambia kwa upole wapite kule walifika wapi.

Geuzeni shingo mtazame madirishani. Jua ni kali, na wamesimama na watoto mgongoni, wanasikiliza mahubiri haya haya tunayoyasikiliza sisi tumekaa kivulini. Hilo benchi la mbele lina watu watatu na nafasi ya sita. Hilo la pale limewekwa mikoba.

Sina maombi ya kufunga leo. Naomba msogee, mmoja aende mlangoni awaite waingie. Mimi nitasimama hapa, nitangoja.

Nangoja, ndugu zangu.

Mbona kila mtu anatazama viatu vyake?