Kilichokuwa Chini ya Povu

"Aliyeona povu asiseme ameona maji."

Bibi Sekela aliitamka methali hiyo jikoni, wajukuu wake walipokuwa wakimsifu mchumba wa dada yao, kijana waliyemfahamu tangu Pasaka tu. Wakacheka, kisha wakauliza maneno hayo yametoka wapi.

"Yalitoka tumboni mwa mtu," Bibi akasema, na kicheko kikakatika. Chanzo chake, akawaeleza, kilikuwa hiki.

Hapa Tukuyu aliishi Atupele, mshonaji wa sare za shule. Kwa miaka mingi utumbo wake mpana ulikuwa na vidonda. Vilipochachamaa aliharisha damu. Vilipotulia alishona, akaimba, akasahau. Daktari Mwasomola alimwonya kwamba ugonjwa huo ukikaa sana mwilini huweza kuzaa saratani. Kwa hiyo kila baada ya muda alipitishiwa mrija mwembamba wenye kamera, utumbo ukatazamwa kwa ndani.

Mara ya kwanza aliambiwa pasafi. Akarudi nyumbani akachinja kuku.

Mwaka uliofuata alikwenda bila hofu. Alikuwa amefunga kula, na ile dawa ya kusafisha tumbo, pamoja na ubaya wake mdomoni, aliimaliza yote. Akalala kwa ubavu wa kushoto. Sindano ilimlegeza bila kumlaza, hivyo aliweza kutazama skrini. Akaona njia ya rangi ya waridi, na juu yake mapovu meupe kama ya sabuni.

"Pasafi, eti daktari?"

Daktari akasogeza uso karibu na skrini. Alikuwa ametoka mafunzoni karibuni, alikofundishwa asiache povu bila kuliosha. Akamwomba muuguzi dawa ya kuvunja povu, akaipitisha kwenye mrija, akaosha, akanyonya maji, akaosha tena. Mapovu yakapasuka, yakaisha. Kisha akanyunyiza rangi ya buluu. Rangi ikatambaa kwenye vijifereji vya ngozi ile ya ndani, kila mkunjo ukajichora.

Hapo ndipo Atupele alipokiona. Kiraka bapa, kingo zake zimezungushiwa buluu, mahali ambapo punde tu palikuwa na weupe wa povu.

"Ni nini hicho?"

"Sijui bado, mama. Nitakata kinyama kidogo kiende maabara."

"Mwaka jana hakikuwapo?"

Muuguzi akatazama sakafu.

"Huenda kilikuwapo," daktari akasema. "Palikuwa na povu hapahapa. Sikuliosha. Nikakuambia pasafi."

Atupele akataka kuinuka, mwili ukakataa. "Nilichinja kuku, daktari! Nilisimama kanisani nikatoa shukrani, watu wakanipigia vigelegele! Kumbe?"

"Niliona povu, mama, nikasema nimeona utumbo. Nisamehe."

Hakumsamehe, si siku ile. Machozi yalimshuka kwa pembeni yakaingia sikioni, naye hakuwa na nguvu za kuyafuta. Mwishowe akasema kwa sauti kavu, "Basi osha kote. Usiache hata upana wa kidole."

Daktari akaosha kote, jasho likimtoka.

Majibu yalipokuja, chembe za kile kiraka zilikuwa zimeshaanza kuharibika. Hazikuwa saratani, ila ndiko zilikokuwa zikielekea. Kikaondolewa kwa mrija uleule, na Atupele akarudi kwenye cherehani yake. Lakini alikuwa mtu mwingine. Ukimwambia jambo fulani liko shwari, anakukazia macho: "Umeona, au umeona povu?" Majirani wakalidaka neno hilo. Na kwa kuwa sisi ni watu wa mito, tunajua povu la maporomoko linavyoficha maji na mwamba, utumbo ukageuka maji midomoni mwao.

Hapo Bibi akamaliza. Mjukuu mmoja alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili bila kujijua.

"Haya, turudi kwa huyo mchumba," Bibi akasema. "Aliyeona povu asiseme ameona maji."