Kisigino cha Ntambala

Kaeni vizuri, wa Juu kwa wa Chini, na ninyi mlio mbele inamisheni vichwa kidogo ili walio nyuma nao waone. Chumvi imekwisha kuzungushwa, wapambanaji wanajipaka majivu viganjani, na naona wengine mmeshaanza kubishana nani atambwaga nani. Lakini hakuna atakayemshika mwenzake kiunoni leo kabla mwenye ulingo hajatajwa. Ndivyo tulivyokuta, na ndivyo tutakavyoacha.

Katika zama za waliowazaa waliotuzaa, kabla nchi hii haijapigiwa ngoma ya mtemi yeyote, walikaa hapa watu wa nyumba mbili. Nyumba ya Juu walikuwa mlimani, Nyumba ya Chini bondeni, na katikati yao palibubujika chemchemi iitwayo Jicho, yenye maji mazito ya chumvi ambayo ukiyachemsha chungu kimoja chumvi yake inatosha ukoo mzima. Lakini Jicho lilitoa maji hayo mwanzoni tu mwa kiangazi. Aliyetangulia kuchota alipata chumvi, na aliyefuata alipata tope la kuoshea miguu. Kwa hiyo kila mwaka, mvua zilipokatika, nyumba mbili hizo zilichinjana.

Huko Juu akazaliwa Ntambala mwana wa Bukuru, mwana wa Kagoma mvunja mawe, mwana wa Sebusa aliyeliona Jicho kwanza akadhani ardhi inalia. Ntambala Mng'oa-Mvule, Ntambala Kifua-cha-Lango, Ntambala Asiyelala-Chali, ambaye hata usingizini alilala ubavu ili mgongo wake usizoee udongo! Mama yake, Nyamizi, alikuwa binti wa Chini aliyetekwa vitani akaolewa na maadui wa kaka zake. Tangu akiwa mdogo Ntambala alimbebea mama yake maji ya chumvi kutoka Jicho hadi mekoni, mtungi huku na mtungi huku, akikanyaga ndani ya maji hayo makali mpaka visigino vyake vikapasuka magaga ambayo hayakupona maisha yake yote. Nguvu zake zilitoka kwenye mitungi hiyo. Magaga nayo yalitoka humo humo, na myakumbuke.

Ikafika siku Nyamizi akalia msiba wa mume na msiba wa kaka asubuhi moja, maana waliuana wenyewe kwa wenyewe, mmoja mkuki tumboni, mwingine shoka shingoni. Ntambala alibeba kapu la chumvi ya baba yake, akashuka nalo mpaka kando ya Jicho, majeshi mawili yakimtazama, akaimwaga chini kwa duara, akasimama katikati mikono mitupu. Kisha akatamka:

"Kuanzia leo Jicho halichotwi kwa damu. Nyumba itakayoshinda humu ndani itachota kwanza. Atakayegusa ardhi kwa kitu kingine zaidi ya wayo, ameshindwa. Atakayekanyaga chumvi, ameshindwa. Asiyekubali na aje anitoe."

Walikuja, kwa kweli walikuja, na wa nyumba yake mwenyewe walikuwemo. Akawatoa mmoja mmoja, wengine kwa kuwabeba kama mama abebavyo mtoto mkaidi, mpaka wakachoka kutolewa. Hapo ndipo mieleka ilipoanza katika nchi hii, nasi tukaacha kuzikana kila kiangazi.

Sasa sikilizeni kosa ambalo ni sisi tu, watu wa chumvi, tungeweza kulifanya. Wazee wale waliamua kwamba kila ushindi uwekewe bonge la chumvi juu ya jiwe, ili mwisho wa msimu ijulikane nani kashinda mara nyingi na nani apambane siku ya mwisho kwa ajili ya Jicho. Mbuzi wakaja. Mbuzi wa Juu na mbuzi wa Chini, kwa umoja ambao wenye mbuzi hawakuwa nao, wakalamba ushindi wote wa msimu, na watu wakashikana mashati kila mmoja akidai mabonge yake yalikuwa mengi. Ntambala akasema neno la pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko la kwanza:

"Hesabu itunzwe mdomoni. Na nyumba isijihesabie. Wa Juu watunze hesabu za wa Chini, na wa Chini watunze zetu. Mtu asijisifu ushindi ambao mpinzani wake hajautamka."

Mnacheka, lakini jaribuni nyumbani kwenu! Hesabu ya Ntambala ikawekwa mdomoni mwa Nyabise wa Nyumba ya Chini, mjane mwenye ulimi mkali ambaye wanawe wawili walishabwagwa na Ntambala huyo huyo. "Mwanangu," alimwambia siku moja mbele ya wote, "nakuhesabu kama ninavyohesabu maumivu ya kiuno changu. Silipendi hata moja, na sijasahau hata moja." Na hakumpunja kamwe.

Kwa njia hiyo yamehifadhiwa mambo ambayo mgeni akiyasikia anadhani tumelewa. Tunamjua aliyeshinda kabla vumbi halijainuka, maana mpinzani wake aliteleza akiwa bado anatoa salamu. Tunalijua pambano lililochukua muda mrefu mpaka mwamuzi akaletewa uji, akaunywa, akarudisha kibuyu, nao bado wameshikana. Na tunamjua Rusimbi wa Nyumba ya Chini, mwembamba wa miguu, aliyeanguka mara nyingi kuliko mwanadamu yeyote aliyewahi kuingia kwenye duara la chumvi. Mia mbili na nne! Wa Juu walizitunza zote kwa furaha kubwa. Lakini walitunza na jambo jingine, kwa sababu sheria iliwabana walitunze: Rusimbi hakukosa msimu hata mmoja. Alipougua homa alikuja na homa yake, akaanguka nayo, akajipangusa, akasema, "Mwakani."

Ntambala naye hakushindwa. Mwaka baada ya mwaka Nyabise aliinuka akaongeza moja, na mwaka baada ya mwaka Nyumba ya Juu ikachota kwanza. Nanyi mnaona tayari ubaya wake. Haki ilikuwa haki, lakini Chini walibaki na tope, na watoto wao wakala mboga isiyo na chumvi mpaka miguu ikawalegea. Ukaja mwaka wa ukame, Jicho likapungua likawa kama maji ya kunawia wageni, na kila mtu akajua kwamba atakayechota pili mwaka huo hatapata hata tope. Wanaume wa Chini walikuja ulingoni na mizigo ya kuni begani. Walisema ni kuni za kuchemshia, endapo watashinda. Ndani ya kuni mlikuwa na mikuki.

Ntambala hakuijua habari hiyo. Nalisema hili kwa sauti, kwa sababu wapo wanaosimulia kwamba alifanya alichofanya kwa kuogopa mikuki, na hao ni waongo.

Mpinzani wa siku ile ya mwisho alikuwa Rusimbi. Wenye nguvu wa Chini walikuwa wamedhoofika kwa njaa, na yeye aliyezoea kudhoofika ndiye aliyebaki amesimama. Mwamuzi alikuwa Mugara mfua chuma, mtu wa kupita, asiye wa Juu wala wa Chini. Watu wa Juu walicheka waziwazi. Ntambala hakucheka, alimwinamia Rusimbi kama alivyomwinamia kila mtu, wakashikana.

Rusimbi alikuwa ameanguka kwa kila namna ambayo mtu anaweza kuangushwa, na kwa hiyo aliijua kila namna. Ntambala alipovuta, aliufuata mvuto. Alipomtega ngwara, mguu haukuwepo. Waliinuana, wakasukumana, wakazunguka mpaka vumbi likawafika kiunoni. Mwishowe Ntambala akamkumbatia, akamng'oa ardhini kama alivyong'oa mvule ujanani, akamzungusha, akamrusha. Rusimbi akapaa, akatua chali nje ya duara kwa kishindo kilichowainua kuku. Mugara akanyoosha mkono upande wa Juu.

Nyumba ya Juu ikalipuka kwa vigelegele. Wanaume wa Chini wakainamia mizigo yao ya kuni na kuanza kufungua kamba. Nyabise akainuka, machozi yakimtoka, kwa sababu alijua ndani ya kuni mna nini na alijua wanawe watakuwa wa kwanza kufa, hata hivyo akatamka jinsi sheria inavyotaka: "Ntambala mwana wa Bukuru, ameongeza moja."

"Iondoe, mama," akasema Ntambala.

Akageuka, akainua mguu wake wa kulia, akauonyesha wayo kwa watu wa Juu, kisha kwa watu wa Chini. Kisigino kilikuwa cheupe.

"Nimekanyaga chumvi," akatamka. "Imenichoma kwenye magaga Rusimbi akiwa bado hewani. Nimeshindwa kabla yake."

Baba yake mdogo, Bagaya, akatoka mbio. "Teremsha mguu, wewe! Umeikanyaga baadaye! Nani amekuona?"

"Hakuna aliyeniona, baba mdogo. Kisigino ni changu, na kinaniwasha."

Mugara akasema kwamba mwamuzi hajatafuna neno lake tangu ulingo uwepo. Ntambala akamjibu kwa upole, "Usilitafune, mzee wangu. Mimi nimetoka tu." Akaivuka chumvi, akamwendea Rusimbi aliyekuwa bado chali vumbini, akampa mkono. Rusimbi akasimama akitazama kulia na kushoto. "Jamani," akasema, "mshindi husimama wapi? Sijawahi kukaa upande huo."

Nani aliyeanza kucheka, hesabu hazisemi. Walicheka wa Juu na wa Chini, Bagaya akacheka huku amekasirika, na Nyabise akacheka akijifuta machozi. Chini wakachota kwanza. Lakini ili kuchemsha ilibidi kuni zifunguliwe, na zilipofunguliwa mikuki ikamwagika mbele ya kila mtu. Pakawa na aibu kubwa. Ntambala akaokota mkuki mmoja, akaung'oa chuma, akaurushia Mugara chuma hicho, na mpini akausukuma chini ya chungu. Wengine wakafuata. Chumvi ya mwaka ule ilichemshwa kwa mipini ya mikuki, Chini wakaijaza vyungu vyao, na nusu wakawapelekea wa Juu bila kuombwa. Majirani walitucheka, wakatuita Watu wa Kisigino. Tukalichukua jina. Kabla ya hapo hatukuwa na jina moja.

Ntambala alishindana misimu mingine mingi, na hakuna tena aliyemtoa. Alipozeeka, asubuhi moja alichukua mitungi ya mama yake, akateremka Jichoni kwenye ukungu wa mvuke, wala hakupanda tena. Walipokwenda kumtafuta walikuta mitungi imejaa, imepangwa vizuri, na nyayo zinazoishia ukingoni. Tulilia sana. Bado huwa tunalia, msione haya.

Siku ya kumuaga Ntambala, Nyumba ya Juu walimwendea Nyabise, kizee wa kushikwa mkono, wakamsihi ataje ushindi peke yake, aache kule kushindwa kwa siku ile. Akawasikiliza hadi mwisho. Kisha akasimama ulingoni, akatamka hivi:

"Ntambala mwana wa Bukuru alishindwa mara moja, na aliyetuambia ni yeye mwenyewe. Sasa ndiyo nitawahesabia ushindi wake, nanyi mtaniamini."

Akahesabu mpaka jua likageuka, na hakuna aliyebisha hata moja.

Basi, wapambanaji, ingieni. Atakayeshinda leo asiinue mkono kwanza. Ainue mguu, autazame wayo wake mwenyewe, kisha atuambie.