Hamamu ya Mwana Raihani

Ajuaye idadi ya vyote ni Yule aliyeviumba. Sisi wengine hubahatisha, na Sultani Nuumani bin Harithi, mtawala wa mji wa Zumaridi, alibahatisha kuliko sote. Mji huo ulisifika kwa hamamu za wanawake, na maharusi waliletwa kutoka mbali kuja kuoshwa humo. Sultani akataka kujua ipi yafanya kazi na ipi yalaza damu, akaisugua pete ya mababu zake, na jini Daghari, mtumwa wa pete, akasimama mbele yake.

"Nenda ukahesabu kila hamamu huosha watu wangapi kutwa," Sultani akamwamuru. "Itakayokuwa ya mwisho nitaifunga, na mwenyewe atahama mji."

Jini akajigeuza ajuza, akaziingia zote. Kwingine alimwagiwa maji na kuambiwa apishe wenzake, maana habari za hesabu zilikwisha kuvuja. Lakini Mwana Raihani, mjane aliyeachiwa hamamu na marehemu mumewe, alimkanda mgongo taratibu hadi adhuhuri, na wateja wakangoja mlangoni wakinung'unika.

"Bibi, haya ni makovu ya minyororo," Raihani alisema. "Yakuuma?"

"Yaniuma, mjukuu wangu."

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo, na moyo wake ukalainika.

Siku ya hukumu Raihani akaletwa barazani, macho yamemwiva kwa kulia. Daghari, ambaye pete ilimkataza kusema uongo wala asiloulizwa, akatoa hesabu: Raihani alikuwa wa mwisho. Kisha machozi yakamtoka jini.

"Kwani hesabu si sahihi?" Sultani akastaajabu.

"Ni sahihi, seyyid yangu."

"Basi walilia nini?"

"Nalilia hamamu pekee iliyonipunguzia maumivu, nawe waifunga." Akavua joho na kugeuka, na baraza zima likauona mgongo uliochanwa na minyororo ya pete.

Sultani akaona haya, kwa kuwa mgongo ule ulimtumikia tangu utotoni na hakuutazama hata mara moja.

"Ni wangapi wengine hutoka kwake wamepoa?"

"Hilo, seyyid yangu, hukuniagiza kuhesabu."

Sultani akaivua pete, akamkabidhi Daghari uhuru wake. Naye, kabla hajatoweka, akaipiga ardhi kwa kisigino, na chemchemi ya maji ya moto ikabubujika chini ya hamamu ya Raihani, ikamtajirisha. Baadaye Sultani alimposa, naye akakubali kwa sharti kwamba asubuhi zake zibaki za wateja.

Nanyi mtakaopewa kupima kazi za watu, hesabuni wanaotoka mlangoni, kisha mwulizeni mmoja wao ametokaje.